Shati la Baba Mabula

Siku ile mliponikatia keki ya kuniaga mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya kutunza mavazi ya maigizo, nami nikacheka, maana miaka yote mlikuwa mnaniona napiga pasi tu. Basi nimekaa kuandika. Kazi imekwisha, magoti yalishaomba kupumzika kabla yangu, na hapa barazani kwangu, mtaa wa Kambarage, hakuna mtu wa kumfokea kwa kukalia nguo iliyonyooshwa. Nikizidisha maneno mnivumilie. Nimetumia muda mrefu sana nikiwa nimefumba mdomo huku wengine wanarekodi.

Kazi hii sikuiomba. Nilikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na kila Januari nilikuwa sijui usingizi wala chakula. Asubuhi moja akaja kijana anakimbia, ameshika suruali iliyochanika katikati, akasema nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mwigizaji amesimama na taulo na kamera zinamsubiri. Nikachukua sindano na uzi, nikaenda. Nilipofika yule bwana alikuwa ameshachoka kusubiri, akaivaa vilevile, kwa hiyo nikamshonea ikiwa mwilini. Alisimama ametulia kama mtoto anayepigwa chanjo. Nilipokata uzi, mwenye kazi akaniuliza, "Mama, na kesho je?" Kesho nikarudi, na kesho hiyo ndiyo hii iliyoisha mwezi uliopita.

Aliyenifundisha ni Bi. Salma, marehemu, mzaliwa wa Tabora, binti wa mshona kanzu. Maneno yake yalikuwa laini na macho yake makali. Alitembea na sindano tatu zilizokwisha kutungwa uzi, mweusi, mweupe na wa kahawia, amezichomeka kwenye upindo wa khanga, kwa sababu mwigizaji akichanika hakuna muda wa kulamba uzi na kutafuta tundu. Mfukoni alikuwa na kipande cha mshumaa cha kulainishia zipu zilizogoma. Kila picha iliyochukuliwa aliandika kwenye daftari: kifungo kipi kilikuwa wazi, mkono wa shati ulikunjwa mara ngapi, khanga ilifungwa upande gani. Nyie sasa mnapiga picha kwa simu. Sawa, lakini simu huisha chaji, na nimewaona mkihangaika.

Sheria yake kubwa ilihusu nguo za kuazima. Kwenye miji yetu hii hakuna ghala la mavazi ya maigizo. Suti ya mbunge wa kwenye tamthilia ni suti ya mtu wa kweli wa mtaa wa pili, na gauni la harusi lina mwenyewe ambaye bado analilia akilitazama. Kwa hiyo nguo ya kuazima inarudi imefuliwa, imepigwa pasi na vifungo vyote vipo, hata kama ilikuja bila kifungo. "Mwajuma," alikuwa akiniambia, "mtu akikuazimisha kanzu ya mumewe amekuazimisha na heshima yake." Nilimtii alipokuwa hai na nilimtii alipokufa. Sheria hiyo hiyo, wanangu, nusura iniumbue.

Nisonge mbele hadi tamthilia ya Vyumba Kumi, ambayo wengi wenu ndiyo iliyowaleta kwenye kazi. Ilikuwa hadithi ya watoto wa matajiri wa dhahabu kule Geita, wanaokua kwenye nyumba zenye fensi ya umeme na geti lisilofunguka ovyo. Tulipoisikia sote tulidhani itakuwa magari na muziki. Lugendo, mwongozaji wetu, mdogo kiasi kwamba ningeweza kumzaa, alituambia, "Nataka watoto wenye kila kitu isipokuwa mtu wa kuongea naye." Nikamwona anajifanya mwanafalsafa. Nikaenda kuwaandalia watoto wa matajiri nguo za kung'aa: suti zenye kola za satini, magauni ya vishanga, viatu vya ncha.

Siku ya kwanza akaingia Mabula, aliyepewa kumwigiza kijana wa nyumba ile. Huyu alikuwa mtoto wa tajiri wa kweli. Baba yake anamiliki maduara, yaani mashimo ya dhahabu, kule Nyarugusu, na ndiye aliyeturuhusu kurekodi nyumbani kwake. Kijana alikuwa na miaka ishirini, mrefu, mpole, amevaa kaptura iliyopauka na kandambili. Aliitazama ile suti niliyomwekea, akajaribu kujizuia, akashindwa.

"Shikamoo, mama. Samahani. Hii ni ya kumzika nani?"

"Marahaba. Nyie nyumbani mnavaa nini?"

"Hivi hivi, mama. Wanaovaa kama hiyo wanakuja kumwomba baba kitu."

Nilikasirika kwa saa nzima, halafu nikazirudisha zote. Kuanzia siku ile watoto wa matajiri wangu walivaa fulana zilizolegea shingo na saa moja nzuri. Kwa upande mwingine, Neema, binti wa muuza karanga wa stendi ya Masumbwe aliyeigiza dada wa kijana yule, ndiye aliyejua kutembea kitajiri kuliko wote. Alikuwa amewatazama matajiri maisha yake yote kupitia dirisha la basi, na hakuna kilichompita.

Niseme ukweli, niliingia kwenye kazi ile nikiwa na kinyongo. Nimewashonea sare watoto wenye shati moja tu kwa mwaka, na moyo wangu haukuwa na nafasi kwa anayelalamika ndani ya nyumba ya vyumba kumi. Mabula ndiye aliyenigeuza bila kujua. Tukimaliza kurekodi alibaki kula wali maharage na mafundi wa taa, wakati nyumba yenyewe ilikuwa ya kwao na jiko lipo hatua ishirini. Akimpigia baba yake simu nilisikia upande wake tu: "Shikamoo baba. Ndiyo. Ndiyo. Haya." Basi, imeisha. Siku moja aliniletea shati nimkazie kifungo. Nilikivuta kile kifungo, kilikuwa kimekaza kama msumari. Nikakikata makusudi nikaanza kukishona upya taratibu, naye akakaa kwenye kigoda akanisimulia habari za shule ya bweni hadi uzi ukaisha. Nilimhurumia mtoto yule, na huruma hiyo haijanitoka mpaka leo.

Sasa nakuja kwenye shati. Tulifika sehemu ambapo kijana wa kwenye tamthilia anafungua sanduku la baba yake na kukuta nguo aliyoivaa alipokuwa mchimbaji. Kuchakaza nguo ni ufundi ninaouweza. Mnachukua shati jipya, mnalisugua kola na viwiko kwa msasa, mnalichemsha kwenye chai ya rangi, mnalianika likiwa limefinyangwa, kisha mnalipaka udongo uliochekechwa mkiuchanganya na mafuta kidogo ya kula ili jasho lionekane. Nilitengeneza moja, Lugendo akalisifu. Mabula akaligusa kwa vidole viwili.

"Zuri, mama. Ila ni la maigizo. La kweli najua liko wapi."

Alhamisi akalileta ndani ya mfuko wa nailoni. Lilikuwa gumu kama ngozi iliyokaushwa, jekundu la udongo, huwezi kujua lilishonwa kwa kitambaa gani. Akasema ni la baba yake, na baba amesema sawa. Sikuuliza zaidi. Tulirekodi nusu ya kwanza siku ile: anafungua sanduku, analitoa, analinusa. Nusu ya pili, ambapo analivaa na kumsubiri baba wa kwenye tamthilia arudi, ilipangwa Jumatatu. Nikaandika kwenye daftari, "Shati, la kuazima," nikalitia kwenye kapu.

Na hapo ndipo mkongwe wenu alipoanguka. Jumamosi ni siku yangu ya kufua vya watu. Nikafungua kapu, nikasoma "la kuazima", na mikono ikaenda yenyewe. Beseni la kwanza maji yalitoka mekundu kama mchuzi, la pili vilevile, la tano ndipo yakaanza kupata nuru. Nilitumia mche mzima wa sabuni. Nililianika, nikalipiga pasi, nikalitundika, nikarudi nyuma kulitazama nikiwa nimefurahi kabisa. Tena nilikuwa najiimbia wimbo.

Jumapili asubuhi Mabula akapita kuchukua viatu vyake. Aliliona pale lilipotundikwa. Hakupiga kelele, alikaa tu chini sakafuni, miguu imenyooka.

"Mama. Umefanya nini?"

Hapo ndipo nikakumbuka Jumatatu, nikashika kichwa. Lakini yeye hakuwa anawaza Jumatatu. Akanieleza kile ambacho kila mtu wa Nyarugusu anakijua na mimi wa Kambarage sikukijua: nguo aliyoivaa mtu duara lilipoanza kutoa dhahabu haifuliwi. Ukiifua umeosha bahati. Baba yake alilitunza shati lile tangu kabla Mabula hajazaliwa, ndani ya sanduku lenye kufuli, na watu wake wa machimboni walilizungumzia kama mtu mzima wa ukoo. Na hakuwa ameomba ruhusa. Alikuwa amechukua ufunguo kwenye mfuko wa koti.

"Atakupiga?" nikauliza.

"Angenipiga ingekuwa nafuu. Ataninyamazia, mama. Hata sasa hatuongei, tunaamkiana tu. Akijua hili, hata kuamkiana kutaisha. Namjua." Kisha akanitazama kama mtoto wa darasa la pili. "Litie udongo. Wewe unaweza. Hatajua."

Ni kweli, niliweza. Udongo wa huko huko nilikuwa nao kwenye ndoo, chekeche lilikuwepo, chai iko jikoni. Ndani ya saa mbili ningelirudisha lilivyokuwa, kamera isingejua na Lugendo asingejua. Nililishusha shati nikalitandaza mezani. Nikatia mkono kwenye ndoo, nikauacha humo. Nimedanganya macho ya watu wengi, ndiyo kazi yangu na siionei aibu. Lakini yule mzee hakuwa mtazamaji wangu. Na kijana huyu angekaa na uongo ule nyumbani mle kwa miaka, juu ya ukimya uliokuwepo tayari.

"Washa gari," nikamwambia. "Twende kwa baba yako."

"Mama, tafadhali."

"Aliyefua ni mimi. Nitaanza kusema mimi, wewe utamalizia."

Njia nzima nilisema mimi kwa niaba ya wote wawili, mpaka nikajichosha. Tulifika Nyarugusu mchana. Baba Mabula alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kelele zake zilikuwa zinatikisa hata meno. Nilitegemea jitu. Nikakuta mtu mfupi, wa umri wangu, viatu vimepakwa rangi na vumbi limeshavishinda.

"Mwadila, mayu," akanisalimu, akiniita mama kwa kwao.

"Mhola," nikajibu, na Kisukuma changu kikaishia hapo. Nikamwekea shati mapajani. "Baba Mabula, shati hili nimelifua mimi. Sikujua. Kosa ni langu, na nimekuja kulisema mwenyewe."

Mabula akapiga goti moja. "Baba, nililichukua mimi. Sikuomba. Nilichukua ufunguo kwenye koti lako."

Mzee aliinua mkono, mtu akazima karasha. Akalikunjua shati polepole, akalinusa, akasikia sabuni. Akaligeuza kola, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Kumbe lilikuwa la bluu," akasema.

Akalitandaza juu ya magoti.

"Mama yako alininunulia mnadani, Masumbwe. Nilishasahau kama lilikuwa na rangi."

Mimi nikashindwa kujizuia. "Baba, nisamehe. Nimekuoshea bahati."

Alinitazama kama niliyemwamsha. "Bahati? Mayu, hiyo bahati ni maneno ya watu. Dhahabu niliipata shimo lingine kabisa, mwaka uliofuata, nikiwa na fulana. Shati hili nilikuwa nalo duara liliponifukia. Siku mbili nilikaa chini. Nilipotolewa sikuweza kulifua, nikaliweka. Watu wakaona halifuliwi, wakasema bahati, nikawaacha waseme. Ilikuwa rahisi kuliko kuwaeleza."

"Hukuniambia," Mabula akasema. "Miaka yote, baba. Nilikuwa najua wewe ni mtu usiyetaka kuongea na mimi."

"Ningeanzia wapi? Unarudi kutoka shule, unaongea Kiingereza, umenawiri. Nikukalishe nikuambie baba yako alilia chini ya ardhi akimwita mama yake?"

Sasa nisikilizeni, mjue kazi hii inavyoweza kumharibu mtu. Mbele ya maneno kama hayo, mdomo wangu ulifunguka wenyewe ukasema, "Ila kesho tunalihitaji likiwa chafu." Nilitamani ardhi inimeze. Baba Mabula akanikodolea macho, kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani.

Mabula hakucheka. "Nishushe, baba. Nilivae mimi."

"Hapana. Nilichimba ili wewe usishuke."

"Najua. Dakika kumi tu. Nataka kuona ulipokuwa."

Mzee alilitazama duara lililokuwa mbele yetu. Kisha akamwita msimamizi, akamuuliza magogo ya kuzuia kuta yamebadilishwa lini, akamtuma ashuke kwanza akayagonge moja moja, akampigia kelele ayarudie. Aliporidhika alivua viatu. Kamba alimfunga mwanawe mwenyewe, akairudia mara tatu, na Mabula amevaa shati la bluu lililopigwa pasi, mistari ya mikono imenyooka. Kwenye ule mtambo wa mbao wa kuzungushia kamba kulikuwa na vijana wawili wenye vifua. Aliwasogeza, akashika mpini yeye. Mmoja akaja kumsaidia, mzee akamsukuma kwa bega.

Alimshusha taratibu, jasho linamtiririka mpaka kwenye kope, na kamba iliposimama hakuuachia mpini. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani anasali, nikasogea, nikasikia anahesabu. Dakika kumi zile zilikuwa ndefu kuliko mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilijilaumu kwa yote, kwa sabuni, kwa safari, kwa mdomo wangu. Kisha kamba ikatikiswa kutoka chini, naye akaanza kuvuta.

Mabula alitoka mwekundu kuanzia nywele hadi vidole. Alikaa ukingoni akipumua. Baba yake akachuchumaa mbele yake, bado ana alama za mpini viganjani.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, baba. Nilizima tochi."

"Kwa nini uzime?"

"Nilitaka kujua." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Lakini nilikuwa nasikia kamba. Kila ilipogusa ukingo nilijua uko juu."

Mzee akakaa chini kwenye kifusi, na suruali yake ya kitambaa. Akaweka mkono begani kwa mwanawe, juu ya udongo ule.

"Mimi siku zile mbili," akasema, "sikusikia kamba."

Wakabaki hapo wamekaa bega kwa bega, wakaanza kuongea Kisukuma, kwanza mmoja mmoja, halafu kwa kukatizana, haraka kiasi kwamba sikuambulia neno. Karasha hakuna aliyethubutu kuliwasha. Nikaenda kusubiri kwenye gari, nikalia kidogo, nikajifuta kwa khanga. Lugendo akapiga simu kuuliza kama lile shati la kesho liko tayari, nikamwambia asiwe na wasiwasi, bado linachafuliwa.